Gia imegoma kutoka P: usikimbilie kununua giaboksi

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina gari aina ya Toyota IST la mwaka 2004, otomatiki. Juzi usiku nililiegesha nyumbani kwenye mteremko, hapa Tukuyu. Asubuhi linawaka vizuri kabisa, lakini mkono wa gia hautoki kwenye P, ile ya kuegeshea, hata nikivuta kwa nguvu. Fundi wa jirani kalitazama, akasema giaboksi imekufa, nitafute ya mtumba. Ni kweli?
– Mwalimu, Tukuyu

JIBU: Mwalimu, pole sana. Hela ya giaboksi kaa nayo kwanza. Giaboksi huwezi kuihukumu wakati gia haijatoka hata kwenye P. Ni sawa na kusema mtu hajui kutembea ilhali mlango umefungwa kwa nje.

Kwenye gari kama lako kuna kufuli dogo la umeme pale chini ya mkono wa gia. Linaachia pale tu ufunguo ukiwa kwenye ON na mguu wako uko kwenye breki. Limewekwa ili mtoto asichezee gia gari likaondoka. Na habari kwamba breki imekanyagwa inatoka kwenye swichi ileile inayowasha taa nyekundu za nyuma. Swichi hiyo ikifa, taa hazitawaka na gia haitatoka. Ni kifaa kidogo cha bei ndogo, na inaniuma kuona watu wakishushiwa giaboksi nzima kwa sababu yake.

Kwa hiyo anza bila spana yoyote. Tia mawe kwenye matairi, mtu asimame pembeni aangalie nyuma, wewe kanyaga breki. Ikiwaka taa moja tu, hilo ni tatizo la globu, kufuli halihusiki. Isipowaka hata moja, angalia fyuzi iliyoandikwa STOP, kisha swichi iliyo juu ya pedeli ya breki: waya umechomoka, swichi imelegea, au imekufa. Betri iliyochoka nayo huweza kulinyima kufuli nguvu, ila wewe umesema gari linawaka vizuri.

Taa zikiwaka vizuri, basi namshuku mteremko. Ndani ya giaboksi, P ni jino la chuma linalotumbukia kwenye gia na kuizuia isizunguke. Ukiweka P bila kuvuta handibreki kwenye vilima vyetu hivi, uzito wa gari zima, kama tani moja, unalalia jino hilo, na kulichomoa ni kazi. Watu wawili wasukume gari kidogo kuelekea juu, wakiwa pembeni mwake, wasisimame upande wa chini. Wewe kanyaga breki kidogo tu, kiasi cha taa kuwaka, uvute gia. Ikitoka, kanyaga breki mpaka mwisho papo hapo. Kuanzia leo, ukiegesha mteremkoni weka N (gia huru), vuta handibreki, achia breki ya mguu gari lilalie handibreki, ndipo uingize P.

Kama umekwama na unalazimika kuondoka, tafuta kitundu karibu na mkono wa gia kilichoandikwa SHIFT LOCK. Toa kifuniko, bonyeza kwa bisibisi nyembamba huku ukivuta gia. Handibreki iwe juu na mguu uwe kwenye breki, maana hapo gari linakuwa huru. Lakini kama taa za breki ndizo zilizokufa, usiliingize barabarani. Ukungu wa Isongole unaujua. Lori lililo nyuma yako halitaona kwamba umesimama. Mwite fundi aje nyumbani.

Sasa, ikiwa gia inatoka, inaingia D (ya kwenda mbele), na gari bado halisogei, hilo ni jambo jingine. Pima oili ya giaboksi, ile wengi wanaiita haidroliki. Gari liwe mahali tambarare, injini iungurume mpaka ipate moto, na usiizime. Pitisha gia zote taratibu, rudi P, ndipo uchomoe kijiti cha kupimia oili hiyo, ukifute na kupima tena. Oili ifike kwenye alama ya HOT. Ikiwa chini, kuna mahali inavuja, na mimi huanza na sili za ekseli za mbele. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, sahani za ndani zimeanza kuliwa. Ikiwa na rangi ya maziwa ya waridi, maji ya rejeta yameingia ndani, na hapo usiliwashe tena. Ukiongeza, weka aina inayotakiwa. IST za toleo la kwanza kama lako hutumia T-IV. Ukiona mshale wa spidi unapanda gari limesimama, ekseli imekatika au imechomoka, giaboksi yenyewe ni nzima.

Na wasikudanganye kulivuta kwa kamba hadi Mbeya mjini matairi ya mbele yakiwa chini. Injini ikiwa imezimwa, oili haizunguki ndani ya giaboksi, na safari hiyo ndiyo inaweza kuiua kweli. Matairi ya mbele yanyanyuliwe, au gari lipakiwe.

Angalia hizo taa leo jioni giza likiingia, uniandikie zimewaka au la.