Ukiweza kutofautisha kopa na kopesha, "borrow" na "lend" hazitakusumbua

"Borrow me your pen." Kosa hili halitokani na uvivu, linatokana na kitenzi chetu cha kuazima. Kiswahili kinaruhusu "nimeazima kalamu" na pia "niazime kalamu yako": anayechukua na anayetoa wote wanaazima. Kiingereza hakikubali hivyo. Basi weka kuazima pembeni, fikiria kopa na kopesha, hata kama kitu chenyewe si pesa. Anayekopa ndiye "borrow", anayekopesha ndiye "lend". Sema "Lend me your pen" au "Can I borrow your pen?"

Kauli ya kutendesha, kama kopa inavyogeuka kuwa kopesha, ni kipimo kizuri mno, na inashangaza kwamba hakitumiki sana madarasani. Chukua "rise" na "raise": panda na pandisha. Bei zimepanda, "Prices have risen". Mwenye duka amepandisha bei, "The shopkeeper has raised his prices". Ukiandika "Prices have raised", umesema bei zimepandisha, na msomaji atauliza zimepandisha nini.

"Lie" na "lay" nazo ni lala na laza, ila hapa kuna mtego. Ukienda wakati uliopita, "lie" inageuka kuwa "lay": "Yesterday I lay in bed all day", jana nilikuwa nimelala kitandani kutwa. "Lay" yenyewe inakuwa "laid": "She laid the baby on the mat", alimlaza mtoto kwenye mkeka. Kuku aliyetaga jana naye ni "laid". Halafu kuna "lie" ya kusema uongo, ambayo wakati uliopita ni "lied". Kipimo cha kopesha hakifiki huku. Kariri tu: lie, lay, lain (lala); lay, laid, laid (laza).

Kuna jozi nyingine zinazotaka sikio. "Advice" inaishia na sauti ya s, nayo ni ushauri. "Advise" inaishia na z, nayo ni kushauri. Usiandike "advices", kwa sababu neno hilo halina wingi: ni "two pieces of advice". "Loose" yenye s ni kilicholegea, "lose" yenye z ni kupoteza, kwa hiyo anayepungua uzito "loses weight", kwa o moja.

"Practice" na "practise" hutamkwa sawa, sikio halisaidii. Kwa tahajia ya Uingereza, tunayofundishwa shuleni, c ni ya nomino na s ni ya kitenzi. Wamarekani huandika "practice" kote.