Maswali ya Wasomaji: Je, Sahuagin na Kuo-toa ni Samaki Wale Wale?

SWALI: Mhariri, mimi ndiye msimamizi wa mchezo katika kundi letu la mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kurusha dadu, Dungeons & Dragons. Kila ninapowaletea wachezaji wenzangu sahuagin au kuo-toa, hulalamika kwamba ni samaki yule yule mwenye miguu, aliyebadilishiwa jina tu. Je, wana tofauti yoyote ya maana?

JIBU: Ndugu msomaji, wachezaji wako wana haki ya kulalamika iwapo unawaelezea magamba na mapezi peke yake, kwani hayo wote wawili wanayo. Waonyeshe mienendo yao.

Sahuagin, aliyeingia mchezoni kupitia kitabu cha nyongeza cha Blackmoor cha mwaka 1975, ni mvamizi anayemwabudu Sekolah, mungu wa umbo la papa, na anayeweza kuwaamuru papa kwa fikra. Katika toleo la 5 la mchezo, la mwaka 2014, anapomshambulia kwa karibu adui aliyekwisha kujeruhiwa hurusha dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua namba kubwa, hivyo hata mkwaruzo mdogo huweza kugeuza mapigano. Lakini kanuni ninayoipenda zaidi, ambayo wasimamizi wengi huiruka, ni kwamba kiumbe huyu hana budi kuzama majini angalau mara moja kila baada ya saa 4, la sivyo atakosa pumzi. Wachezaji wakifanikiwa kuifunga njia ya kurudi baharini, wavamizi wale wale waliokuwa wakichoma nyumba wataanza kuhangaikia visima vya kijiji, na hapo mashujaa watajua ni wapi pa kuwavizia.

Kuo-toa, aliyebuniwa na Gary Gygax, mmoja wa waanzilishi wa mchezo huu, huishi chini ya ardhi na husumbuliwa na mwanga wa jua. Utumwa wa zamani uliwavuruga akili watu wake kiasi kwamba wakiamini mungu fulani yupo, na wakawa wengi wa kutosha, mungu huyo huweza kutokea kweli. Kwa hiyo usianze na mapigano, bali waache wazungumze, maana mchezaji mwenye ulimi mtamu anaweza kutoka humo akiwa nabii, au asitoke kabisa.

Angalau pambano moja lifanyike chini ya maji, ambako mkuki na kisu hufanya kazi kama kawaida, ilhali upanga mrefu humtatiza asiye na kasi ya kuogelea. Mwenye upanga atanung'unika, mwache anung'unike.