Plau imeingia nyumbani, na palizi je?

Juma lililopita dada mmoja wa Tororo, huku mashariki mwa Uganda, aliniandikia. Mume wake amenunua plau na maksai, majirani wanampongeza, na yeye tangu siku hiyo hapati hata muda wa kukaa. Akaniuliza kama amekuwa mvivu. Dada yangu, uvivu huna. Mzigo umeongezwa.

Mimi niliolewa huku Busia, katika nyumba iliyokuwa ikilima kwa jembe la mkono. Shamba lilikuwa dogo kwa sababu mikono ilikuwa michache. Maksai walipokuja, mume wangu alikuwa akimaliza kwa asubuhi chache kazi iliyotuchukua wiki nzima. Akaongeza kipande cha pili, kisha akakodi cha jirani. Saa nne maksai wamefunguliwa, yeye ameshaoga na kwenda senta. Palizi ya vipande vyote ikawa yangu na binti zangu, kwa jembe lile lile, migongo imepinda. Binti yangu mkubwa akawa anakosa shule kila msimu wa palizi. Kaka yake alikwenda. Hilo linaniuma hadi leo.

Wateso, kabila la huku mashariki mwa Uganda, wanalima kwa plau kwa zaidi ya miaka 100 sasa, tangu enzi za kuingia kwa pamba. Kwa desturi mwanamume hushika plau na mwanamke hupalilia. Basi kila ekari inayoongezwa na maksai inapaliliwa na mwanamke. Kabla hujashangilia mashine yoyote, uliza inampunguzia nani kazi.

Kipo kifaa cha kupalilia kinachokokotwa na ng'ombe hao hao. Kinataka mimea iwe kwenye mistari iliyonyooka; ukimwaga wimbi ovyo, hakipiti. Kwa hiyo mazungumzo na mume yafanyike kabla ya kupanda. Mimi nilizungumza na wangu mbele ya mama mkwe, ambaye alipalilia maisha yake yote, naye akanisaidia kuliko nilivyotarajia.

Kisha ikaja mashine ya kupukuchulia mahindi, ya kikundi chetu cha akiba. Ukiyapiga mahindi kwa fimbo ndani ya gunia, punje hupasuka, na punje iliyopasuka huingiwa na ukungu upesi. Mnunuzi akiiona anashusha bei. Mashine ilituondolea hayo, na majirani wakaanza kuikodi. Fedha zilipoonekana, tukaambiwa eti mwanamke hawezi kuvuta kamba ya injini. Akawekwa kijana wa kuiendesha, na mapato yakawa mfukoni mwake.

Nilikataa. Nilijifunza kuvuta kamba, kubadili oili na kusafisha plagi, kisha nikawafundisha wenzangu. Sasa mashine inazunguka vijijini na waendeshaji ni sisi. Najivunia sana, sitaficha.

Kwa hiyo dada zangu, jifunzeni kuendesha. Asiyejua kuwasha mashine atanyang'anywa. Risiti iandikwe jina lako au la kikundi. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya 1998 inamtaka mume apate ridhaa yako kabla ya kuuza ardhi mnayoishi na mnayokula kwayo, lakini mashine ni chuma tu, inauzwa usiku mmoja. Tangu 2022 fedha za PDM (Parish Development Model), mpango wa serikali wa kukopesha wananchi, zinafika kwenye parishi zetu, yaani maeneo ya utawala yenye vijiji kadhaa, na asilimia 30 ni fungu la wanawake. Wangapi kati yetu tunatia saini, kisha tunamkabidhi baba watoto bahasha nzima? Acheni hiyo tabia! Fedha uliyoikopa wewe utadaiwa wewe. Jifunzeni kuendesha, narudia.

Nanyi waume mnaosoma hapa, kifaa cha palizi kinunuliwe pamoja na plau. Maksai ni wale wale, na binti zenu wanatakiwa shuleni mwezi wa tano kama kaka zao.