Fundi wa gramafoni anajibu: kamani inayogonga, inayoteleza na inayochoka

Barua za safari hii karibu zote zinauliza habari za mota ya kamani. Inaelekea watu wamefungua masanduku ya wazee wao. Tuanze.

Shikamoo fundi. Nimerithi gramafoni ya sanduku, HMV 102, kutoka kwa babu. Inaimba vizuri, ila katikati ya wimbo kitu kinagonga ndani, "du!", na sindano inaruka. Jirani anasema kamani imechoka, nitafute nyingine. (Tanga)

Marahaba. Usinunue kitu bado. Kamani ni utepe wa chuma wa mita kadhaa uliokunjwa ndani ya kikopo cha duara, na kiwandani ilipakwa grisi ili mikunjo iteleze. Grisi hiyo imekaa humo tangu ujana wa babu yako. Imekauka ikawa kama lami, mikunjo imegandana, na kamani inapojikunjua hiyo mikunjo inaachana kwa mkupuo badala ya kuachana polepole. Huo ndio mshindo unaousikia. Chuma chenyewe huenda ni kizima kabisa.

Iache mota izunguke mpaka isimame yenyewe. Toa hendeli, toa sahani, fungua skrubu za ubao wa juu, uinue ubao pamoja na mota yake. Kila hatua piga picha kwa simu, hasa upande ambao kamani imekunjiwa, maana ukiirudisha kinyume utafungua tena yote.

Sasa sikiliza vizuri. Mota ikisimama, kamani haijalala. Bado imebanwa kikoponi na inatafuta mlango. Nilipokuwa mwanagenzi niliifungua moja mezani kwa mikono mitupu. Iliruka yote kwa mara moja, ikanichana kiganja, ikaangusha na kandili. Kovu ninalo mpaka leo. Kwa hiyo vaa glavu nene na miwani, tia kikopo ndani ya ndoo, kamata ncha ya ndani kwa koleo, uitoe mkunjo mmoja mmoja huku dole gumba la mkono wa pili likiizuia iliyobaki.

Ioshe kwa mafuta ya taa, ufute kwa matambara mpaka tambara litoke safi. Kutu kidogo iondoe kwa msasa laini, ukisugua kufuata urefu, usikate upana. Ukiona ufa ukingoni, hata mdogo kama unywele, hapo kweli kamani imekwisha. Kama hakuna, paka grisi mpya yenye grafiti, nyembamba tu. Nasa ncha ya nje kwenye pini ya kikopo, kisha irudishe kwa mkono, mzunguko kwa mzunguko. Ni kazi ya jasho na utachafuka mpaka viwiko. Mshindo utaisha.

Fundi, ya kwangu natia ufunguo na hendeli inazunguka tu, haikazi. Zamani ilikuwa inakaza. (Nakuru)

Ama kamani imekatika, ama ncha yake imetoka kwenye ndoano. Zungusha polepole ukitega sikio: ikiwa inakamata kidogo halafu inateleza na mlio wa "tak" kila mzunguko, ncha ya ndani imetanuka na haishiki tena ndoano ya mhimili wa katikati. Hiyo utaifunga zaidi kidogo kwa koleo, basi. Kama hendeli inakaza lakini ukiiachia inarudi nyuma kwa nguvu, usihangaike na kamani. Tazama ule ulimi unaoizuia isirudi. Labda umelika, au springi yake ndogo imelegea. Na weka mkono mbali, hendeli inayorudi inavunja vidole.

Ikiwa imekatika sentimita chache tu kutoka ncha ya nje, inaokoka. Pasha moto hiyo ncha peke yake mpaka iwe nyekundu, huku sehemu inayofuata umeifunga tambara lililolowa, uiache ipoe taratibu. Chuma kitalainika, utaweza kutoboa tundu jipya. Lainisha kingo za tundu kwa tupa, kwa sababu ukwaruzo mdogo hapo ndio mwanzo wa kukatika tena. Ikikatika katikati, usikubali fundi yeyote akwambie ataiunga kwa kulehemu. Agiza nyingine, na kabla ya kuagiza pima upana, unene, kipenyo cha ndani cha kikopo, na uchore jinsi ncha zote mbili zilivyo.

Nimetia mafuta ya nazi. Nimekosea? (Arusha)

Umekosea, dada. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na huko kwenu mwezi wa saba mota itaamka imeshikana kama mshumaa. Yasipoganda yatachacha. Osha yote kwa mafuta ya taa. Kwenye mihimili na gavana, kile kifaa kinachoshikilia mwendo wa mota, tia mafuta ya cherehani, tone moja kila mahali. Kwenye kamani ni grisi. Na ile dawa ya kopo ya kupuliza inafaa kulegeza skrubu iliyoshika kutu, haifai kuwa mafuta ya mota.

Mama ana santuri za taarabu za zamani. Mwimbaji anaanza kama mwanamke, anamaliza kama mwanamume! (Mombasa)

Nimecheka, samahani. Kwanza, unatia ufunguo kabla ya kila upande? Upande mmoja wa santuri ya inchi kumi ni kama dakika tatu, na kamani iliyojaa nusu inaweza kuishiwa njiani.

Kama unajaza na bado mwendo unashuka, kuna msuguano mahali. Tazama gavana: vitufe vitatu vizito juu ya vibapa vyembamba vya chuma. Vikizunguka vinatanuka na kuvuta kisahani, nacho kinagusana na kipande cha ngozi. Hiyo ndiyo breki inayoshikilia mwendo. Ngozi ikikauka inalia na kutetemesha sauti. Ipe tone la mafuta. Lakini gavana anajua kupunguza tu, hawezi kuongeza. Mihimili ikiwa na uchafu, hana la kufanya. Safisha matundu ya mihimili kwa kijiti kilichochongwa, na hakikisha mhimili wa gavana una nafasi ya kucheza, kidogo mno, usibanwe.

Kisha upime. Bandika kikaratasi ukingoni mwa sahani, weka santuri na sindano ikiimba, hesabu: mizunguko 13 kwa sekunde 10 ni 78 kwa dakika sawasawa. Kipo pia kisahani cha mistari cha kupimia, ambacho chini ya taa ya umeme wetu wa 50 Hz mistari yake 77 huonekana imesimama mwendo ukiwa sawa, lakini taa nyingi za siku hizi hazipepesi, mistari haitasimama. Mimi bado nahesabu.

Kama ni santuri za enzi za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, zirekodi kwenye simu mara moja, mama asikilize huko. Sindano ya chuma inakula santuri kila inapopita. Na sindano ni moja kwa upande mmoja, baadaye itupe.

Nimenunua gramafoni yenye pembe kubwa ya shaba inayong'aa na picha ya mbwa. Muuzaji kasema ina miaka mia. (Unguja)

Pembe nyembamba, mpya, sanduku la pembe nane, mkono wa sauti uliopindwa vibaya? Imeundwa majuzi kwa ajili ya watalii, nyingi hutoka India. Usivunjike moyo lakini. Fungua chini utazame mota, maana mara nyingi huwa imeng'olewa kwenye gramafoni ya sanduku ya kweli. Huenda ukakuta kazi nzuri ya mafundi wa zamani chini ya uongo huo. Isafishe kama nilivyomwambia wa Tanga.

Nikiweka bila kutumia, niiache imejaa au imeisha? Na ni kweli ukizidisha ufunguo unaikata? (Muscat)

Iache iishe. Kuhusu kuzidisha, ukihisi imekaza simama, usilazimishe. Lakini wengi wanaoniletea mota "iliyozidishwa ufunguo" wananiletea mota iliyoganda grisi.