Nimesali na kufunga, amani haiji: je, imani yangu ni ndogo?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padri. Mimi naishi Wete, Pemba. Mume wangu alifariki miezi minne iliyopita, akaniachia watoto wawili na deni la mashine ya boti. Nimesali, nimefunga kavu siku tatu, lakini usiku silali na kifua kinanibana. Mwenzangu wa jumuiya kaniambia amani haiji kwa kuwa imani yangu ni ndogo. Ni kweli? Nifanye nini?

JIBU: Milele amina. Pole sana kwa msiba, dada yangu.

Si kweli. Bwana wetu mwenyewe pale Gethsemane alisema, "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa" (Mathayo 26:38), akaomba neno lile lile mara tatu. Kama huzuni ni dalili ya imani haba, basi itabidi tumhukumu na yeye.

Andiko tunalolikimbilia wengi ni Wafilipi 4:6-7, "Msijisumbue kwa neno lo lote." Lakini Paulo aliyaandika hayo akiwa kifungoni, na minyororo haikumwanguka alipomaliza barua. Amani anayoieleza humkuta mtu akiwa bado na deni, bado na kaburi bichi. Tena anasema haja zijulishwe kwa Mungu, maana yake zitajwe. Hapo ndipo wengi tunapokosea: msiba haujakauka, mtu ashaanza kulazimisha shukrani, na kile kinachomuuma hakijasemwa. Kikibaki ndani, kinarudi saa nane za usiku.

Kwa hiyo shika Zaburi ya 13. Ina aya sita tu. Isome kwa sauti asubuhi na jioni, kabla hujapanda kitandani, kwa muda wa dakika kumi hivi. Aya ya 1 na ya 2 ni malalamiko. Humo Daudi anamuuliza Mungu "hata lini" mara nne. Simama hapo, utaje yako kwa majina: deni la mashine, ada ya watoto, upweke. Usiyapambe. Aya ya 3 na ya 4 ni ombi. Omba jambo moja la kesho, si la mwaka mzima. Ndipo uende aya ya 5, "Nami nimezitumainia fadhili zako." Ikikukwama kooni, usijilazimishe. Ipo Zaburi ya 88 inayoishia gizani, na Kanisa limeihifadhi kama sala kamili. Soma hiyo siku hiyo, kisha ulale.

Kufunga kavu nakuomba uache kwa sasa. Eliya alipochoka hadi kuomba kufa (1 Wafalme 19), malaika hakumpa mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mwili usiolala wala kula hugeuza kila wazo kuwa hofu, nasi tukadhani ni vita vya kiroho. Na huko kubanwa kifua, nenda hospitali ya Wete wakakupime wiki hii. Luka alikuwa tabibu. Hakuna dhambi katika dawa. Ukijiwa na fikra za kujidhuru, usingoje hata saa moja: mwambie mtu akupeleke.

Usibebe haya peke yako pia. Yesu aliwachukua watatu waende naye bustanini. Najua huko Pemba Wakristo ni wachache, pengine jumuiya yenu ni nyumba chache tu. Lakini jirani Mwislamu aliyekuletea uji siku za matanga ni mkono wa Mungu vilevile, mpokee.

Kanisa letu la Mkunazini, Unguja, lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka lilipofungwa soko la watumwa lililokuwapo hapo. Hakuna aliyesema yaliyopita yasahauliwe ndipo watu wasali. Palepale pa machungu ndipo ilipowekwa madhabahu. Nawe huhitaji kumsahau mumeo ili upate amani.

Jumapili hii mwone padri wenu, umwombe mpako wa mafuta kama Yakobo 5:14 inavyoagiza. Mtajie na lile deni, kiasi chake na anayedai, ili wazee wa kanisa wakae naye wapange malipo ya kidogo kidogo.