Makosa yameongezeka, bosi anakuja juu

SWALI: Nasimamia ghala la dawa. Zamani mtu akikosea kupakia mzigo alinyamaza mpaka mteja alalamike. Nikawaahidi kwamba atakayesema mapema hatakatwa mshahara wala kufokewa. Sasa wanasema, tena sana, hadi bosi wangu ananiuliza kama nimewalegezea kamba. Nimjibu nini?
Msimamizi

JIBU: Ndugu Msimamizi, nakuomba usirudi nyuma. Makosa hayo hukuyaleta wewe. Yalikuwepo, ila ulikuwa unayasikia mdomoni mwa mteja.

Mpe bosi habari ya Amy Edmondson, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard. Miaka ya 1990 alichunguza makosa ya kuwapa wagonjwa dawa hospitalini, akitarajia kwamba timu zinazoelewana zitakuwa na makosa machache. Ikawa kinyume: ndizo zilizoripoti mengi zaidi! Alivyokuja kuelewa ni kwamba huko watu hawakuogopa kusema, na kwingine waliyafunika. Mwaka 1999 akachapisha utafiti wake kuhusu usalama wa kisaikolojia, yaani timu kuamini kwamba mtu hataaibishwa kwa kuuliza au kukiri kosa.

Ila bosi usimpelekee jumla tupu. Tenganisha makosa yaliyokamatwa kabla mzigo haujatoka na yaliyogunduliwa na mteja. Haya ya mteja yakipungua, una hoja. Yasipopungua, bosi ana haki ya kuuliza, maana mnasema bila kurekebisha.

Ninachohofia zaidi ni kikao chako kijacho. Umetoka kubanwa juu, kijana anakwambia amebandika lebo za katoni hii kwenye ile. Ukiguna tu, ukakunja uso, wenzake wote wameshaona, na ahadi yako imekufa hapo hapo. Muulize kwanza, "Ziko wapi sasa hivi?" Kisha, "Nini kilikuchanganya?" Pengine atakuonyesha dawa mbili zenye maboksi yanayofanana, zimepangwa rafu moja. Zitenganisheni siku hiyo hiyo, na uwaambie wenzake kwamba yeye ndiye aliyeliona tatizo.

Kulegeza kamba ni kumwachia anayeruka ukaguzi makusudi au anayeficha kosa akijua. Huyo mwajibishe, na wote wajue hivyo kabla halijatokea.