Pampu ya tangi kubwa la samaki: usinunue lita za kwenye boksi

Mkuu uliyeuliza kutoka Tabora, nimekuelewa: una tangi la lita 500, sampu (tangi dogo la chini ambamo pampu hukaa na kurudisha maji juu) iko chini ya meza, na muuzaji anakusukumia pampu ya wati 85 iliyoandikwa lita 5000 kwa saa, wakati luku yako inaisha kabla ya wakati. Usiinunue kwanza. Mimi nilipita hapohapo, huku Gungu, Kigoma, na iliniuma mfukoni kwa zaidi ya mwaka.

Tangi langu ni la lita 600, nafuga Tropheus na frontosa, samaki wa ziwani kwetu Tanganyika. Hawa wanataka maji yanayotembea, yenye hewa ya kutosha. Pampu yangu ya kwanza boksi lilisema lita 3000 kwa saa, wati 60. Nikapiga hesabu kwamba maji yatazunguka mara 5 kwa saa, nikaridhika. Baada ya wiki kadhaa nikaona Tropheus wanajazana juu, chini ya mdomo wa bomba, matamvua yanapiga harakaharaka. Nikachukua ndoo ya lita 20, nikaikinga kwenye mdomo wa bomba bila kulishusha, nikawasha saa ya simu. Ndoo ilijaa kwa dakika nzima. Hizo ni lita 1200 kwa saa.

Lita za kwenye boksi hupimwa pampu ikiwa haipandishi maji popote. Tafuta pale palipoandikwa H max: hicho ni kimo ambacho maji yakifika hayatoki tena hata tone. Pampu yangu H max ilikuwa mita 2.5, na kutoka usawa wa maji ya sampu mpaka mdomo wa bomba nina mita 1.4. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya nguvu yake iliishia kupanda tu. Pampu nzuri huja na mchoro unaoonyesha lita kwa kila kimo. Soma hapo kwenye kimo chako, na kama mchoro haupo, mwambie muuzaji aijaribu mbele yako kwa ndoo.

Kosa la pili lilikuwa bomba. Fundi alifunga la nusu inchi lenye elbo (viungo vya kona) nne. Nikatoa, nikaweka la inchi moja lenye elbo mbili tu. Pampu ileile, ndoo ikajaa kwa sekunde 42, yaani karibu lita 1700 kwa saa. Umeme haukuongezeka hata kidogo wa kuonekana. Nakuomba uanze na hilo kabla hujatoa hela ya pampu.

Umeme nao niliupima. Zima kila kitu nyumbani, acha pampu peke yake, kisha hesabu ile taa inayomweka kwenye mita ya luku. Mita yangu imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake taa ikimweka mara 1000 umetumia uniti moja. Kwa dakika 10 ilimweka mara 12, sawa na wati 72, wakati boksi lilisema 60! Pampu haizimwi usiku wala mchana, kwa hiyo kwa mwezi ilikula uniti 52 hivi. Kwa mtu aliye kwenye bei nafuu ya uniti 75, hiyo peke yake imemaliza theluthi mbili ya mwezi. Tena umeme wote huo unaishia kuwa joto ndani ya maji, na kwa jua letu la Septemba maji ya moto hubeba hewa kidogo.

Sasa natumia pampu ya DC (umeme wa aina ya betri) ya volti 24 yenye kontrola ya mwendo. Nimeipunguza mpaka ndoo inajaa kwa sekunde 36, lita 2000 kwa saa, na taa ya mita inamweka mara 4 tu kwa dakika 10. Ni kama uniti 17 kwa mwezi. Ukipunguza mwendo kwa sehemu ya tano, umeme hushuka karibu nusu, ndiyo maana ni heri pampu yenye nafasi ya kupunguza kuliko ndogo inayohangaika. Umeme ukikatika naiunga kwenye betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfuatano, samaki wanafika asubuhi salama.

Kila baada ya miezi miwili fungua, toa impela (kile kipangaboi kinachosukuma maji) na sumaku yake, loweka kwenye siki. Maji ya ziwa yanaacha chokaa nyeupe ngumu inayobana mzunguko, na pampu ikibanwa ndoo inachelewa kujaa. Na kama mdomo wa bomba la kurudishia umezama majini, litoboe tundu dogo sentimita mbili chini ya usawa wa maji tangini, ili pampu ikizima hewa iingie na maji yaache kujivuta kurudi chini. Mimi kuna wakati niliuzamisha wangu bila kutoboa, pampu ikazima usiku, maji mengi yakarudi sampuni na sebule ikalowa.

Pima kimo chako kwa futi kamba, angalia kipenyo cha bomba, idadi ya elbo na H max ya hiyo pampu ya wati 85, uweke hapa. Nitakupigia hesabu leo jioni.